Kabla ya Hela ya Kiwanja: Barua kutoka Guangzhou kwenda Kibaha na Kisarawe

Kwa wazee, ndugu na jamaa wa Kibaha na Kisarawe.

Watanzania walio Guangzhou hawajambo. Mtaa wa Xiaobei bado una Waafrika wa kila taifa, makontena ya nguo na vipuri yanapakiwa kama kawaida, na siku ya Ijumaa msikiti wa Xianxian unajaa mpaka watu wanasali nje. Kilichofanya barua hii iandikwe ni viwanja.

Simu za watu huku haziishi kupokea picha za pori lililofyekwa, nguzo nne za zege zimechomoza ardhini, na chini yake maneno yaleyale ya dalali: hatua 20 kwa 20, kilomita mbili kutoka lami, umeme upo, maji yanakuja, ofa mwisho Ijumaa. Upande wa Kibaha ni Picha ya Ndege, Visiga, Mlandizi, Kwala. Upande wa Kisarawe ni Kazimzumbwi, Msanga, Masaki. (Masaki ya Kisarawe, si ile ya mabalozi kule Dar es Salaam. Madalali wengine hawana haraka ya kumsahihisha mteja.) Mtu anatuma hela, anarudishiwa picha ya karatasi ya mauziano yenye muhuri, na tangu siku hiyo Kisarawe kwake ni mita za mraba kadhaa. Nguzo ya tatu imepakana na nani, hajui, na hajauliza.

Aibu ya kutojua huko huonekana kwenye mikahawa ya tambi. Guangzhou imejaa mikahawa midogo ya halali ambako mpishi huvuta donge la unga mikononi hadi liwe nyuzi ndefu, mbele ya macho ya mteja. Wenye mikahawa hiyo wengi ni Wahui, Waislamu wanaozungumza Kichina, ambao sensa ya China ya mwaka 2020 iliwahesabu zaidi ya milioni 11. Sehemu kubwa ya wapishi hao inatoka Hualong, wilaya ya milimani katika jimbo la Qinghai. Ukimuuliza mmoja wao kwao kukoje, atakueleza mpaka tambi zipoe: Mto Manjano unapita wapi, ngano na viazi vinalimwa upande gani, msikiti uko wapi, majirani ni Watibeti na Wasalar. Naye akigeuza swali kwa mteja Mtanzania, anajibiwa maneno matatu: karibu na Dar.

Ajibiwe vizuri zaidi basi.

Kisarawe inaanzia pale Dar es Salaam inapoishiwa na tambarare. Vilima vya Pugu havifiki mita 350 juu ya bahari, lakini gari likishapita Gongo la Mboto na kuanza kupanda, joto la mji linabaki nyuma. Ndani ya vilima kuna kaolini, udongo mweupe uliochimbwa enzi za ukoloni, na mapango yaliyoachwa yamekuwa makazi ya popo wanaotoka kwa makundi jua likizama. Juu yake umebaki msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, kipande cha misitu ya pwani ambayo zamani ilitanda sana. Ni msitu uliojeruhiwa. Mji wenye mamilioni ya watu uko kilomita 30 tu na unapikia mkaa, na miti iliyo karibu ndiyo iliyoulipia wali wa Kariakoo.

Ng'ambo ya vilima nchi inashuka taratibu: Kibuta, Msimbu, Masaki, Msanga, hadi Maneromango, kisha Mzenga na Vikumbulu, ambako nyumba zinaanza kuachana na pori linachukua nafasi. Ardhi kwa sehemu kubwa ni ya kichanga. Inapenda mikorosho, miembe, minazi na mihogo kuliko mahindi. Vuli ikikosea na masika ikichelewa, mahindi yanakauka, ila muhogo hukaa ardhini ukimsubiri mwenyewe. Unang'olewa shina moja moja kadiri ya njaa ya siku, au shamba zima dada akiolewa. Korosho ndiyo hela ya mwaka. Wanaoitazama mikorosho hiyo pichani na kuona vichaka vya kufyeka wajue kwamba Kisarawe, kama pwani yote, mti una mwenyewe, na mwenye mti si lazima awe ndiye mwenye ardhi. Kesi ngapi zimeanzia hapo, wazee wa mabaraza wanajua.

Wenyeji ni Wazaramo, ambao kwa desturi ya asili ukoo hufuatwa kwa mama. Binti akivunja ungo aliwekwa ndani awe mwali, akafundwa, kisha akatolewa kwa ngoma chini ya mti wa mkole. Sanamu ndogo ya mti inayoitwa mwana hiti ilikuwa sehemu ya mafunzo hayo, na leo mtu anaweza kuiona kirahisi zaidi kwenye kabati la kioo la makumbusho ya Ulaya kuliko Maneromango. Walio wengi ni Waislamu. Hata hivyo Walutheri wa misheni ya Berlin walifika Kisarawe na Maneromango miaka ya 1890 na kanisa lao bado lipo, na Waanglikana ndio walioanzisha Minaki, shule iliyosomesha vijana wa Tanganyika nzima. Katika familia moja utamkuta Hamisi na Yohana wakichimbiana kaburi bila mjadala.

Nchi hii imewahi kuwakatalia wakubwa. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha mashamba ya pamba ya lazima chini ya majumbe wa wilaya ya Dar es Salaam. Watu walilima, malipo yakawa ya kuchekesha. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, Digalu Kibasila, jumbe wa Kisangire, akawa upande wa wapinzani, akaishia kitanzini. Jina lake limebaki kwenye shule ya sekondari jijini Dar es Salaam. Mnunuzi wa kiwanja anayedhani anaingia kwenye nchi isiyo na historia amepotea njia kwa zaidi ya miaka 100.

Kibaha ni habari nyingine kabisa. Mji umejipanga juu ya Barabara ya Morogoro na unasomeka kwa vituo vya daladala: Maili Moja, Kwa Mathias, Picha ya Ndege. Ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani, lakini umaarufu wake wa kwanza ulitokana na elimu. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru, Denmark, Finland, Norway na Sweden ziliungana kujenga kituo kimoja chenye sekondari, huduma za afya na mafunzo ya wakulima. Mwaka 1970 kikakabidhiwa kwa Serikali, kikawa Shirika la Elimu Kibaha. Hospitali ya Tumbi, ambayo majeruhi wengi wa ajali za barabara hiyo wanaifahamu kuliko wangependa, imetokana na mradi huo. Watu wa Kibaha wametoka kila kona ya nchi, na ukiuliza mwenyeji ni nani, unaulizwa kwanza mwenyeji wa lini.

Sasa maji, maana "maji yanakuja" ni maneno yanayouza viwanja vingi. Mto Ruvu unapita Kibaha, na mtambo wa Ruvu Juu umesimama Mlandizi tangu mwaka 1959 ukisukuma maji kwenda Dar es Salaam. Kisarawe, iliyo jirani kabisa na jiji, ilisubiri hadi mwaka 2020 ndipo mradi mkubwa wa kutoka Kibamba ukazinduliwa. Zaidi ya miaka 60 basi. Na mto wenyewe hupungua kiangazi kikizidi, ndiyo maana bwawa la Kidunda, kule juu Morogoro, linajengwa. Anayenunua Msanga au Mzenga aulize bomba liko kijiji gani leo, asiulize litafika lini.

Reli nazo hazitenganishwi na huku China. TAZARA, iliyojengwa na Wachina na Waafrika kati ya 1970 na 1975, inakatiza Kisarawe na ina stesheni Mzenga. Kibaha Vijijini kuna Bandari Kavu ya Kwala, iliyozinduliwa Julai 2025, ambako makontena yanatolewa Dar es Salaam kwa treni. Ndiyo hasa iliyopandisha bei ya ardhi, na wafanyabiashara wa Xiaobei wameliona hilo mapema kuliko wenye mashamba. Hapo pana dhuluma ndogo ndogo nyingi: mzee anauza ekari kwa bei ya pikipiki, na mwaka unaofuata kipande chake kimoja kinauzwa kwa bei ileile.

Watu nao wanaongezeka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,098,668 Mkoa wa Pwani. Ya mwaka 2022 ilipita milioni mbili. Wafugaji wameshuka na ng'ombe wao, wakulima wanalalamikia mihogo iliyoliwa, na katikati yao inasimama nguzo ya mtu aliye Guangzhou.

Kwa hiyo, ndugu mnaotafutiwa wateja na mnaotafuta kwa niaba ya wengine, muhuri peke yake hautoshi. Kwenye ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi, na mkutano mkuu wa kijiji una sauti katika ugawaji. Utumwe muhtasari wa kikao, wenye tarehe na mahudhurio. Mjini Kibaha mwenyekiti wa mtaa ni shahidi, hagawi ardhi. Ramani ya upimaji na upekuzi kwa msajili wa hati ndivyo vya kuangaliwa. Yatajwe makaburi kama yapo. Itajwe njia ya watu kwenda kisimani kama inapita kiwanjani, maana ukuta ukijengwa juu yake, ugomvi hautakuwa wa dalali.

Kuna pia suala la jina kwenye hati, linalotegemea uraia wa mnunuzi. Guangzhou hilo si tatizo kubwa, kwa sababu China haigawi uraia wake ovyo, lakini barua hii itasomwa London na Houston pia. Tanzania haina uraia pacha. Bunge lilipitisha mwaka 2025 utaratibu wa hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje, na hadhi hiyo si uraia. Masharti yake ya ardhi yasomwe na wakili, yasisimuliwe na binamu. Wengi bado wanaandikisha kwa jina la mjomba. Mjomba ni mwaminifu, hakuna anayebisha, ila mjomba ana watoto saba na wake wawili, na siku mirathi itakapofunguliwa mahakama ya mwanzo, hakimu atasoma jina lililoandikwa kwenye hati.