Constantia: Zabibu za Wafalme, Jasho la Watumwa

Jiji la Cape Town likitajwa, bila shaka fikira zako hukimbilia Mlima Table na kisiwa cha Robben. Ni wachache wanaokumbuka kwamba nyuma ya mlima huo, upande wa kusini wa jiji, liko shamba la zabibu lililoanzishwa mwaka 1685 na ambalo lingali linazaa. Jina lake ni Groot Constantia. Hata kama tone la pombe halijapita kooni mwako, habari za shamba hili zina mengi ya kukufaa.

Mwenyewe wa kwanza alikuwa Simon van der Stel, mkuu wa koloni ambalo kampuni ya biashara ya Waholanzi ilikuwa imelianzisha huko Rasini. Alipewa hekta zipatazo 763, akajenga nyumba na kupanda mizabibu. Katika vitabu vya zamani vya shule alisifiwa kama baba wa walowezi. Jambo ambalo vitabu hivyo havikupenda kulitaja ni kwamba nyanya yake mzaa mama alikuwa mwanamke wa Kihindi aliyewahi kuwa mtumwa.

Van der Stel alifariki mwaka 1712 na shamba likagawanywa mafungu matatu. Fungu lenye nyumba kubwa lilinunuliwa mwaka 1716 na kapteni mmoja Msweden, Olof Bergh. Mkewe aliitwa Anna de Koningh, na hapa ndipo ningependa tutue kidogo. Mamake Anna, Angela wa Bengal, aliletwa Rasini akiwa mtumwa na akaachiliwa huru mwaka 1666. Bergh alipofariki mwaka 1724, Anna ndiye aliyebaki kuwa mwenye shamba lote hadi kifo chake mwaka 1734. Binti wa mtumwa, bibi mkubwa wa Constantia! Lakini usiharakishe kumpigia vigelegele. Yeye naye alimiliki watumwa.

Sifa kuu za shamba zilikuja baada ya mwaka 1778, liliponunuliwa na Hendrik Cloete. Familia yake ililishikilia kwa zaidi ya miaka mia moja, baba akimwachia mwana. Siri ya mvinyo wao ilikuwa subira: zabibu ziliachwa mtini hata baada ya kuiva, zikasinyaa, maji yakapungua na sukari ikabaki. Mvinyo huo mtamu ulivuka bahari hadi kwenye meza za wafalme wa Ulaya. Napoleon aliunywa akiwa mfungwa kisiwani St Helena. Naye mwandishi Mwingereza Jane Austen, katika riwaya yake ya mwaka 1811, Sense and Sensibility, anautaja kama dawa ya msichana aliyevunjika moyo. Dawa ya aina hiyo sidhani kama ingepata kibali cha daktari.

Na ni nani waliolima, kupogoa, kuvuna na kukanyaga zabibu hizo? Ni watumwa waliotolewa India, visiwa vya Indonesia, Madagascar, Msumbiji na pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Utumwa ulipigwa marufuku mwaka 1834, lakini waliokombolewa walilazimishwa kuwatumikia mabwana wao wa zamani miaka minne zaidi, kwa kisingizio kwamba walikuwa wakijifunza kazi.

Bahati ya akina Cloete ilianza kugeuka mwaka 1859, ugonjwa wa ukungu ulipovamia mizabibu. Miaka miwili baadaye, mvinyo wa Rasini ulipoteza nafuu ya kodi uliyokuwa nayo katika soko la Uingereza, na ule wa Ufaransa ukatamba. Mwaka 1885 familia ikauza shamba kwa serikali ya koloni. Mwaka 1925 moto uliunguza jumba kuu, nalo likajengwa upya kwa sura ile ya kale. Tangu mwaka 1993 shamba limo mikononi mwa wakfu.

Mgeni atakuta nini? Kwanza, jumba lenyewe: kuta nyeupe pepe, paa la nyasi, na samani za kale ndani. Sasa ni makumbusho, na humo maisha ya watumwa pia yanaelezwa. Nyuma yake kuna ghala la mvinyo la mwaka 1791. Inua macho utazame michongo iliyo juu ya mlango wake, kazi ya fundi Anton Anreith, inayoonyesha watoto wakirukaruka na Ganymede, mnyweshaji wa miungu katika ngano za Wayunani. Wanafunzi wa sanaa wasiipite. Kuna mahali pa kula, na wanaopenda huonja mvinyo. Watoto watafurahia zaidi njia yenye miti mikubwa inayopanda hadi kwenye bwawa la kale la kuogea, wayaone mashamba yakiteremka kuelekea bahari.

Tangu Januari 2023, Mkenya mwenye pasipoti halali huingia Afrika Kusini bila viza kwa muda usiozidi siku 90 kwa mwaka. Ukitaka kuona mavuno, nenda kati ya Januari na Machi, na usisahau kofia, kwani jua la huko wakati huo si la mchezo.