Bi harusi, ukiulizwa mahari taja mashine ya kufuma



Juzi alikuja binti dukani kwetu kupimwa gauni la nikaha. Posa imeshapokelewa, sasa anatakiwa ataje mahari yake. Mashoga zake wamemshauri ataje kitanda cha sita kwa sita, kabati na televisheni ya ukutani. Akatuuliza, "Dada zangu, nyinyi mngetaja nini?"

Tukamwonyesha mashine iliyoko pembeni, mashine ya kufuma ya kadi. Akacheka, akadhani tunamtania. Hatukumtania, na ndiyo sababu tunaandika leo.

Sisi ni wawili, mtu na mdogo wake. Tumemaliza kidato cha nne, tukasomea ushonaji, tukafungua duka. Mashine hiyo ni mahari ya mkubwa wetu. Siku alipoitaja, mashangazi walishika vidomo. Sweta Bagamoyo, kwenye joto hili? Bwana harusi, Allah amrehemu, aliitafuta Dar mpaka akaipata. Ni Brother ya zamani kutoka Japani, aliyouziwa kwa maneno kwamba ni nzima kabisa.

Haikuwa nzima. Kila tukisukuma, vitanzi vinadondoka, sindano zinanyanyuka na kugonga. Fundi mmoja akasema sindano zote zimekufa. Mtaani ikawa kichekesho: mahari mbovu! Tulikaribia kuipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa Kiromo aliyewahi kufuma sweta za shule. Alichomoa ubavuni chuma kirefu chembamba kinachopita juu ya sindano zote, akatuonyesha sponji iliyobandikwa ndani yake. Ilikuwa imelala kama karatasi. Kazi ya sponji hiyo ni kuzikandamiza sindano zisinyanyuke, nayo huchoka kwa umri hata mashine ikiwa haijatumika. Tukabandika nyingine na mashine ikafuma. Kwa hiyo dada, ukienda kununua, kabla ya kuuliza bei chomoa chuma hicho utazame sponji, kisha sukuma sindano moja moja uone kama kilimi chake kinafunga na kufunguka.

Sasa tuwaeleze inavyofanya kazi. Mashine ya kawaida ina sindano 200 zilizopangwa kama meno ya kitana. Juu yake kuna keriji unayoisukuma kwa mkono kushoto na kulia, na kila ikipita mstari mmoja umefumwa. Haitaki umeme wala kompyuta. Luku ikiisha, wewe unaendelea.

Ua linatoka kwenye kadi. Ni kadi ya plastiki yenye matundu, na kila mstari wa kadi unaongoza vitanzi 24, kisha ua linajirudia. Penye tundu inaingia rangi ya pili, pasipo tundu inabaki rangi ya kwanza. Ujuzi huu ni wa zamani sana. Mfaransa Joseph Marie Jacquard alitumia kadi za matundu kuongoza mitambo ya kufuma vitambaa mwanzoni mwa miaka ya 1800. Sisi tunachora maua yetu kwenye daftari la hesabu lenye vijumba, mengine tukiyatazama kwenye pindo za kanga na kofia za vito, kisha tunatoboa kadi tupu. Ila tulijifunza jambo: rangi moja isiruke vitanzi vingi kwa mfululizo, maana nyuma inaacha uzi mrefu na vidole vya mtoto mchanga vinanasa humo.

Turudi kwenye swali la mashangazi. Sweta la nini pwani? Mtoto mchanga hajui kama yuko pwani, anataka sweta, kofia na soksi. Kipupwe kikiingia Juni, mwanafunzi anayeamkia shule alfajiri anataka sweta. Ndugu zetu wa Lushoto na Njombe wao wanavaa karibu mwaka mzima. Seti ya kichanga tunaianza baada ya Adhuhuri, na kabla ya Magharibi tunaunganisha mikono.

Lakini hoja yetu kubwa si sweta.

Mumewe mkubwa wetu alipofariki, dada aliingia eda, miezi minne na siku kumi. Duka tulikuwa tumelitegemea wote wawili, na yeye hatoki. Watu wa upande wa marehemu wakaja kuhesabu mali, na hilo ni haki, mirathi ni sheria ya Mwenyezi Mungu, na mjane mwenye watoto fungu lake ni thumni. Kabati likahesabiwa. Sofa zikahesabiwa. Televisheni nayo. Walipofika kwenye mashine, mzee mmoja aliyekuwa shahidi siku ya ndoa akasema, "Hiyo iacheni, hiyo ni mahari yake."

Wakaiacha. Mahari ni mali ya mke, Suratun-Nisaa imelisema hilo wazi katika aya ya nne, haiingii kwenye mali ya kugawanywa. Mashine ikahamishiwa chumbani kwa dada. Sisi wa nje tukapeleka uzi, sweta zikatoka, na wanawe wakala na kwenda shule bila ya mama yao kukanyaga barazani.

Bi Zaynab bint Jahsh, mke wa Mtume (S.A.W.), alifanya kazi kwa mikono yake na kutoa sadaka kwa alichokipata. Hakuna unyonge katika hilo.

Hatusemi kila mtu afume. Kama mikono yako iko kwenye upishi, taja oveni. Kama ni cherehani, taja cherehani. Wala hatusemi mwanamke afungiwe ndani na mashine. Tunasema awe na kitu chake ambacho hata siku ya kukaa ndani kinamlisha. Na asiingie mikopo ya kausha damu kukinunua, riba itakula sweta zote. Kama mahari imeshapita, kuna kijumbe na wenzako, mdogo mdogo utafika.

Kitanda cha sita kwa sita ni kizuri, tunakilalia sote. Lakini bi harusi, jambo la kutaja ni moja, na utalitaja mara moja. Yule binti ameomba siku tatu za kufikiri. Tumemwambia aje Jumamosi, tumtilie uzi asukume mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.