KANISA LINA UHURU WA DINI, NA MPISHI PIA ANAO

Ndugu wafanya kazi wenzangu,

Nataka kusema neno juu ya jambo ambalo huku Bumula tunalinong'ona tu, maana linahusu kanisa, na kanisa tunaliogopa. Jambo lenyewe ni hili: mtu aliyeajiriwa na kanisa, je, ni mfanya kazi kama wewe na mimi, au hana sheria? Wako wakubwa wa makanisa wasemao kwamba Katiba imewapa uhuru wa dini, kwa hiyo wanaweza kumfuta mpishi, dereva, nesi au mlinzi kwa kuwa amepata mimba, au amehamia kanisa jingine, au ameolewa mke wa pili, na kwamba sheria ya kazi inakoma langoni pao. Mimi nasema hapana.

Msidhani kwamba napinga dini. Kalamu hii ninayoandika nayo nilifundishwa kuishika katika shule ya misheni. Tena sisi watu wa Bungoma hatuhitaji kufundishwa thamani ya uhuru wa dini. Mwaka 1948 polisi wa serikali ya kikoloni waliwapiga risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa kule Malakisi, watu 11 wakafa, na dini hiyo ikapigwa marufuku. Elijah Masinde akapelekwa mbali na kwao. Hata baada ya Uhuru, mwaka 1968, ikapigwa marufuku tena. Basi twajua ubaya wa serikali kuingia madhabahuni. Askofu amchague padre wake, wazee wa kanisa wamchague mhubiri wao. Katekista asiyeamini tena yale anayoyafundisha, kanisa limwachishe, kama vile dereva wa treni asiyeona ishara hawezi kuachwa aendeshe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yenyewe, kifungu cha 5, inakubali tofauti ikiwa ni sharti la kazi.

Lakini sikilizeni vizuri: ni sharti la kazi, si sharti la paa ambalo kazi inafanywa chini yake. Maharagwe hayaivi upesi kwa sababu mpishi ana cheti cha ndoa. Hospitali ya misheni haimwulizi mgonjwa cheti cha ubatizo kabla ya kupokea fedha zake. Kwa nini basi yule anayepiga deki katika wodi hiyo hiyo aulizwe?

Shemeji yangu alikuwa mpishi miaka 6 katika shule moja ya kanisa ambayo sitaitaja. Akapata mimba bila harusi. Siku ya Ijumaa akaitwa ofisini, akaambiwa amewaonyesha wasichana mfano mbaya, arudishe aproni na funguo za stoo. Hakusikilizwa, wala hakupewa notisi. Mwanamume aliyempa mimba hiyo alikuwa kibarua katika shamba la shule hiyo hiyo, na Jumatatu alikuwa kazini kama kawaida. Hapo mniambie, ni dini gani iliyolindwa? Dhambi ilikuwa ya watu wawili, adhabu ikawa ya mwanamke peke yake.

Sasa tuangalie sheria inasema nini. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira kinasema mimba si sababu ya haki ya kumfuta mtu, dini si sababu, kujiunga na chama cha wafanya kazi si sababu. Kifungu cha 41 kinasema kwamba mtu anayeshtakiwa kwa makosa ya kazi lazima asikilizwe kwanza, akiwa na mwenzake au mjumbe wa chama. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kwa ajili ya mimba, ndoa, dini au dhamiri, tena haiikatazi serikali peke yake, inamkataza mtu yeyote. Na kile kifungu cha 32 ambacho wakubwa hawa hukitaja kila siku, hicho hicho kinasema mtu asinyimwe kazi kwa sababu ya imani yake. Wao wanasoma mwanzo wake, kisha wanafunga kitabu.

Hata makasisi wenyewe hawako nje ya sheria. Mwaka 2016 Mahakama ya Kazi kule Nyeri iliamuru makasisi 3 wa Kianglikana warudishwe kazini. Kama kasisi anaweza kupata haki mahakamani, mlinzi atakosaje?

Wanajibu kwamba kila mtu afanyaye kazi kwao ni shahidi wa imani. Neno hili lina hatari. Marekani limefika mbali. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya huko ilisema kwamba mwalimu wa shule ya Kilutheri, aliyefutwa baada ya kuugua, hawezi kushtaki kwa ubaguzi kwa sababu alihesabiwa kuwa mhudumu wa dini. Mwaka 2020 ikasema vivyo hivyo juu ya walimu wa shule za Kikatoliki ambao hawakuwa na cheo chochote cha kanisa. Lakini mwaka 2018 Mahakama ya Ulaya, katika kesi ya daktari wa hospitali ya Kikatoliki ya Ujerumani aliyefutwa kwa kuoa tena baada ya talaka, ilisema kwamba kanisa lisiwe hakimu katika kesi yake lenyewe. Hakimu wa nchi aangalie kama sharti hilo la dini ni la lazima kwa kazi ile. Hiyo ndiyo njia ya haki, na sheria yetu inaelekea huko.

Wala si jambo jipya kwetu. Zamani walimu wengi wa Kenya waliajiriwa na misheni, na mwalimu aliyeoa mke wa pili au kukosana na mkubwa wa misheni aliweza kupoteza kazi. Walimu wakaunda chama chao, KNUT, mwaka 1957, wakadai mwajiri mmoja kwa wote. Mwaka 1967 wakapata Tume ya Walimu, TSC. Je, dini ilikufa? Hasha! Makanisa yanajaa kila Jumapili, na makanisa bado ni wafadhili wa shule nyingi.

Basi, ninyi wapishi, walinzi, manesi na madereva wa makanisa, msikae mkilia gizani. Chama chenu kipo, KUDHEIHA. Mkijiunga wengi kupita nusu, sheria inamlazimisha tajiri akitambue. Wekeni barua zenu zote. Msitie sahihi barua ya kujiuzulu iliyoandikwa na mtu mwingine. Na aliyefutwa asichelewe: mlango wa mahakama hufungwa baada ya miaka 3.

Nasi wa reli tulio na chama tusiwaache, maana hao ndio wake zetu na dada zetu. Jumapili tukae kanisani pamoja na tajiri wao tukiimba, na Jumatatu twende naye mezani tukadai haki.

Umoja ni nguvu.

Mimi ndugu yenu katika chama,
Mfanya kazi wa Reli, Bumula.