Mji Usio na Tanuri la Mtaani ni Bweni Tu

Swali ambalo wanafunzi wanaojiandaa kwenda kusoma ng'ambo huniuliza mara kwa mara halihusu vitabu wala mitihani. Huniuliza hivi: "Mwalimu, nikifika katika mji ambao simjui mtu, nitakula wapi na nitaketi na nani?" Wapo watakaoliona swali hili kuwa dogo, lisilostahili nafasi katika ukurasa wa maoni. Mimi naliona kuwa zito, na nimeazimia kulijibu hadharani, kwa sababu jibu lake haligusi Paris pekee, mji ambao wanafunzi wetu wa Kifaransa huuota usiku na mchana, bali pia Nairobi, Mombasa, Kisumu na kila mji wetu unaokua.

Jibu langu kwa ufupi ni hili: mji haujulikani kwa minara yake mashuhuri. Mji hujulikana kwa mitaa yake, na mtaa nao hujulikana kwa nyumba mbili. Ile iokayo mkate alfajiri, na ile iwakusanyayo watu magharibi. Kule Paris nyumba ya kwanza ni bekari ya kroasanti, na ya pili ni baa ndogo ya kokteli au mkahawa ulio pembeni mwa njia. Kwetu Mombasa ya Kale, ya kwanza ni ya mama akaangaye mahamri, na ya pili ni kikao cha muuza kahawa na dele lake la shaba. Ajuaye nyumba hizi mbili katika mtaa wowote amekwisha kuwa nusu mwenyeji. Asiyezijua, hata akiishi hapo miaka kumi, ni mpangaji tu.

Nianze na kroasanti yenyewe, maana asili yake ina funzo. Ni mkate mwororo wa tabaka nyingi za unga na siagi, na leo ndio nembo ya kifungua kinywa cha Mfaransa. Hata hivyo, mzizi wake hauko Ufaransa. Uko Vienna, Austria, ambako mkate wenye umbo la mwezi mwandamo uliokwa tangu zamani. Kuna hadithi tamu isemayo kwamba waokaji wa Vienna waliubuni mkate huo mwaka 1683 kuadhimisha kushindwa kwa jeshi la Waturuki lililouzingira mji wao. Walimu wa historia waisimulie kama hadithi tu, kwani mkate wa umbo hilo ulitajwa katika maandishi kabla ya vita hivyo. Lililo wazi ni kwamba mwishoni mwa miaka ya 1830, Mwaustria aliyeitwa August Zang alifungua bekari ya mtindo wa Vienna katika barabara ya Richelieu, Paris. Watu wa mji wakaipenda, waokaji wa Paris wakauiga mkate wake, na wajukuu wao wakaongeza ufundi wa kukunja siagi ndani ya unga hadi ikapatikana kroasanti tuijuayo. Zang mwenyewe alirejea kwao, na mwaka 1848 akaanzisha gazeti la Die Presse. Basi sisi tuandikao magazetini tuna undugu wa mbali na waokaji, na wala hatuna sababu ya kuuonea haya.

Funzo ninalolikusudia ni kuwa kitu kilichokuja kama mgeni kiligeuka kuwa cha wenyeji kwa sababu kilipata duka mtaani, mahali ambapo mtu angeweza kukifikia kwa miguu kabla ya kwenda kazini. Je, chapati na sambusa zetu hazikuvuka bahari pia? Zimekuwa zetu kwa sababu zilipata jiko barazani na mnunuzi aliyepita hapo kila siku.

Sasa, mwanafunzi aliyefika juzi atazitambuaje nyumba hizi? Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nyumba nzuri ya mtaa mara nyingi haina bango kubwa, na si ajabu ikawa imejificha kichochoro kimoja au viwili kutoka barabara kuu, ambako kodi ni nafuu na watalii ni haba.

Alama ya kwanza ni saa. Bekari iokayo yenyewe huwaka taa kabla ya jua kuchomoza, na kufikia alasiri rafu zake zimekwisha pungua. Duka ambalo rafu zake zimejaa jioni sawasawa na zilivyojaa asubuhi linastahili kutiliwa shaka. Alama ya pili ni umbo. Ni desturi, si sheria, kwamba nchini Ufaransa kroasanti ya siagi halisi hunyooshwa, ilhali ile ya majarini hupindwa ncha zake ndani. Alama ya tatu ni jina lililo juu ya mlango. Tangu mwaka 1998, sheria ya Ufaransa humruhusu mfanyabiashara kuliita duka lake bekari pale tu unga unapokandwa, kuumuliwa na kuokwa hapo hapo auziapo. Lakini mwanafunzi awe macho: sheria hiyo yahusu mkate wa kawaida. Kroasanti yaweza kuletwa ikiwa imegandishwa kutoka kiwandani, ikatiwa motoni, na harufu yake ikakudanganya. Basi uliza kama zimetengenezwa hapo. Kuuliza si ujinga, na mwokaji wa kweli hufurahi kuulizwa.

Alama ya nne, nayo ndiyo kuu, ni watu. Tazama ni nani aliye kwenye foleni. Ukimwona bibi kizee na kikapu chake, fundi aliyevaa ovaroli, na mtoto aliyetumwa na mamake huku sarafu zimemjaa kiganjani, ingia. Ukiona kamera nyingi kuliko vikapu, endelea na safari yako.

Baa ya mtaa nayo ina dalili zake. Viti vyake ni vichache. Orodha ya vinywaji ni fupi, kwa sababu mchanganyaji anaijua kazi yake na hukuuliza upendacho kabla ya kugusa chupa. Muziki upo, lakini hauyashindi mazungumzo. Wapo watakaomwelekeza mgeni kwenye Harry's New York Bar, iliyofunguliwa mwaka 1911 na ambayo hudai kuwa kokteli kadhaa maarufu zilizaliwa humo. Aende akaione, kama aendavyo makumbusho. Lakini asidhani ameujua mtaa. Mtaa utamjua siku ile mhudumu atakapomwita kwa jina lake na kumuuliza mtihani ulikwendaje.

Najua kwamba wapo wasomaji wasiogusa kileo, na wengine dini zao zimekiharamisha. Sitaki kumshawishi yeyote anywe. Nyumba nzuri ya aina hii huchanganya pia maji ya matunda, tangawizi na majani ya mnanaa bila tone la pombe, na anayeagiza hivyo hupewa heshima ile ile. Kinachonihusu mimi ni kiti na jirani aliyeketi juu yake. Mwanasosholojia wa Marekani, Ray Oldenburg, katika kitabu chake cha mwaka 1989, alipaita hapo mahali pa tatu: si nyumbani, si kazini, bali pale ambapo watu hukutana bila mwaliko na cheo huachwa mlangoni. Waswahili walikuwa na baraza karne nyingi kabla ya msomi huyo kuzaliwa.

Hapa ndipo nifikapo kwenye kiini cha maoni yangu. Wengi wetu hudhani kwamba Paris ina bekari kila mtaa kwa bahati, au kwa kuwa Wafaransa waliumbwa na ulimi mwepesi. La hasha. Bekari zile zililindwa. Tangu enzi ya Mapinduzi ya Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18, waokaji wa Paris hawakuruhusiwa kwenda likizo wote kwa wakati mmoja. Ilibidi wagawane miezi ya kiangazi, wengine wapumzike Julai na wengine Agosti, ili pasiwe na mtaa utakaokosa mkate. Utaratibu huo ulidumu hadi mwisho wa mwaka 2014. Mwaka 1993 ikatolewa amri iliyoeleza mkate wa jadi ni upi, ikakataza usigandishwe wala kutiwa kemikali za kuongezea. Na mwaka 2022, shirika la UNESCO likaingiza ufundi na utamaduni wa mkate mrefu wa Kifaransa katika orodha ya urithi wa binadamu. Fikiri, msomaji: serikali ilikaa ikajadili umbali kati ya mlango wa raia na tanuri la mkate!

Tugeukie kwetu. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na kwa muda mrefu wakoloni walimhesabu Mwafrika kuwa kibarua wa kupita. Katika makao mengi ya wafanyakazi Mwafrika hakupewa nyumba; alipewa nafasi ya kitanda. Mji kwake ulikuwa bweni, kwa maana halisi ya neno hilo. Hata kinywaji chake cha jioni kiliuzwa na baraza la mji katika kilabu kule Pumwani. Mpango Mkuu wa mwaka 1948 ulizungumzia mitaa yenye shule na maduka ya karibu, na Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka hiyo ya 1940, ulipata uwanja wa wazi na ukumbi wa jamii. Lakini wazo hilo halikuufikia mji wote, na baada ya uhuru tulijenga kwa haraka kuliko tulivyofikiri.

Leo twaishi katika miji ya aina mbili. Upande mmoja ni majumba ya biashara yenye kuta na walinzi, ambako kroasanti ipo, kokteli ipo, na bei ya vyote viwili yaweza kumlisha mwanafunzi siku mbili. Upande wa pili ni mitaa ya ghorofa zilizobanana, ambako mama wa mahamri hukaanga huku jicho moja likiwa kwenye karai na jingine likiwatazamia askari wa kaunti. Tuna hata kokteli yenye jina la Kiswahili, dawa, mchanganyiko wa vodka, asali na ndimu, iliyovumishwa na mkahawa wa Carnivore uliofunguliwa Nairobi mwaka 1980. Mtalii huijua kabla hajatua. Mkaazi wa Dandora huisikia tu. Hiyo ndiyo taswira ya mji uliowapa wageni mahali pa kuketi, ukawasahau wenyeji.

Nitaambiwa kwamba tukiruhusu baa mitaani tutawaharibu watoto. Hoja hii siipuuzi, mimi nikiwa mwalimu. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 ilikataza baa kuwa karibu na shule za watoto kwa umbali usiopungua mita 300, na ikaweka saa za kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi. Naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini tofautisha kati ya pango la ulevi na nyumba ya majirani. Pango hustawi palipo na giza, pasipo na mwenye kujali. Nyumba ndogo ambayo mwenyewe anawajua wateja na wazazi wao ndiyo itakayomwambia kijana, "Wewe nenda nyumbani." Isitoshe, nimeweka bekari kabla ya baa makusudi, na pangine muuza kahawa atatosha.

Nitaambiwa pia kwamba mkate wa kiwandani ni rahisi. Ni kweli, na maskini asinyimwe urahisi huo. Hata hivyo, hesabu ya mkate haiishii kwenye bei. Mkate wa mofa uokwao mtaani huacha shilingi mtaani. Humlipa aokaye, auzaye kuni na mtoto wa shule atakayelipiwa karo. Kina mama wa karai wakipewa kibali, maji na sehemu iliyo rasmi badala ya kufukuzwa, bei haitapanda.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa kaunti zetu: kila mtaa mpya unapochorwa, itengwe sehemu ya vijiduka vya kuoka na vya kuketi, yenye kodi ambayo mtu wa kawaida aimudu, na wapewe kwanza wale ambao tayari wanalisha mtaa huo. La pili ni kwa walimu wenzangu. Wapeni wanafunzi zoezi la kuchora ramani ya nusu kilomita kuizunguka shule, waonyeshe nani huoka, nani hukaanga, nani huuza kahawa, kazi hiyo aliianza lini na alijifunza kwa nani. Mtapata jiografia, historia, hesabu na insha katika somo moja.

Na kwa mwanafunzi aendaye Paris, namwambia aamke mapema, atembee kwa miguu, aifuate foleni ya vikapu. Akirudi, asituletee sifa za kroasanti pekee. Atuletee na ile sheria iliyohakikisha kwamba bibi kizee wa kule hakosi mkate karibu na mlango wake, kisha atuulize mbona bibi yetu sisi hupanda matatu kuufuata.