Kambi Uturuki, pumzi Hanang

Tunazijua kambi za klabu ya Simba za kabla ya msimu, Uturuki mwaka 2023 na Ismailia, Misri, mwaka 2024. Lakini mchezaji haanzi kujiandaa kambini. Anaanza likizoni, akiwa kwao, hana kocha wala daktari, na hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa. Harusi leo, kesho ndondo ya mtaani: "Kaka, cheza hata kipindi kimoja tu." Enka ikiteguka huko, klabuni ataeleza nini?

Huku Masakta, wilayani Hanang, Julai kuna baridi ya kukunja vidole. Tuna kijana anayecheza ligi; akiwa likizo, alfajiri utamwona na masweta mawili akipandisha kilima, wachunga punda wakimcheka. Waache wacheke. Gidamis Shahanga, aliyeshinda marathoni ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978, ni wa Hanang hii hii.

Klabu ya Fountain Gate walipohamia Babati, jirani yetu, mwaka 2024 nilidhani klabu nyingine zitaanza kuulizia kambi hapa kwetu Hanang, pale Katesh. Wapi! Lami ipo, hewa ya juu ipo. Tupate tu kiwanja kimoja chenye nyasi za maana, tuone nani atakata tena tiketi ya ndege.