Padri Hakukosea Tahajia

Siafikiani na wafunguao rejista ya ubatizo ya Ireland ya karne ya 19, wakakuta jina la kitongoji lisilolingana na ramani, wakatangaza kuwa padri hakujua kuandika. Padri aliandika alichosikia. Ramani ndiyo iliyoviringa ulimi.

Upimaji wa nchi ulianza mwaka 1824, chini ya jeshi la Uingereza, na majina ya Kiairishi yakavishwa tahajia ya Kiingereza. Baile, yaani makazi, likawa Bally, hilo lavumilika. Lakini cill ni kanisa na coill ni msitu, na yote mawili yakabanwa kuwa Kil! Atafutaye kwao na babu yake aelekee madhabahuni au mwituni? John O'Donovan, msomi aliyezunguka akiwauliza wenyeji, aliliona tatizo, akaliandika umbo la Kiairishi katika madaftari ya majina. Madaftari hayo ndiyo tunayoyapuuza.

Naambiwa: “Fuata tahajia rasmi.” Rasmi ya lini? Cobh iliitwa Queenstown tangu 1849, Malkia Victoria alipozuru. Offaly iliitwa King's County. Na kumbukumbu nyingi ziliteketea Dublin mwaka 1922, hivyo hatuna anasa ya kuyadharau masalia.

Nami si msafi. Niliwahi kumsahihisha padri wa namna hiyo katika nakala niliyoiandaa, nikauhamishia ukoo mzima parokia ya jirani. Nililisoma jina kwa macho tu. Nilipolitamka kwa sauti, miezi kadhaa baadaye, kitongoji kilikuwa pale pale alipokiandika.