WACHACHE WA NABUGOYE NA WATATU WA KWETU

Muhula uliopita Chama cha Majadiliano kilikutana bwaloni kuzungumza hoja hii: "Majaribio ya Jumamosi asubuhi yaendelee, na asiyehudhuria apewe sifuri." Wazazi wetu wasomao gazeti hili pengine hawajui asili ya jambo lenyewe. Katika Kidato cha Tatu wako wenzetu watatu ambao ni Wasabato, nao siku ya Jumamosi hawashiki kalamu. Mimi nilikuwa msemaji mkuu wa upande wa kuunga mkono. Nilisema kwamba watu watatu hawawezi kuwasimamisha mia tano, na kwamba jahazi haligeuzwi kwa ajili ya abiria mmoja. Watu walipiga makofi, nasi tukashinda kwa kura nyingi.

Baada ya mkutano, mmoja wa wale watatu alikuwa na zamu ya kupanga viti. Alivipanga vyote, kisha akaniambia, "Kaka, umesema vizuri." Hakuongeza neno. Nilikwenda nyumbani likizo na maneno hayo yangali masikioni mwangu, na huko nilisoma habari za watu wachache kuliko Wasabato, wakaao si mbali sana na nchi yetu. Habari hizo zimenigeuza nia, nami naona yafaa niseme hadharani kama nilivyosema mara ya kwanza.

Karibu na mji wa Mbale, upande wa mashariki wa Uganda, pana kilima kiitwacho Nabugoye. Juu yake pana sinagogi, yaani nyumba ya ibada ya Wayahudi. Waumini wake si wageni waliotoka Ulaya. Ni wakulima wa pale pale, wenye migomba na kahawa, nao huitwa Abayudaya, maana yake katika Kiganda watu wa Yuda. Inakadiriwa kwamba wote pamoja, katika vijiji vyao mbalimbali, ni kama watu 2,000 tu. Majirani zao ni Wakristo na Waislamu.

Asili yao ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitawala nchi ya mashariki, na ndiye aliyeuanzisha mji wa Mbale. Baadaye alikosana na wakubwa wale, akajitenga, akawa msomaji mno wa Biblia. Alipozisoma sheria za Musa aliona hana budi kuzishika, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye pamoja na wanawe. Alifariki mwaka 1928, na wengi walidhani jambo hilo litakufa pamoja naye. Halikufa.

Basi watu hawa huishije? Ijumaa mchana chakula cha kesho hupikwa mapema, maana jua likitua Sabato imeingia na kazi husimama. Watu hukusanyika sinagogini wakaimba zaburi kwa Kiebrania na kwa Kiganda, kwa tuni za kwao wenyewe. Kwa desturi ya Kiyahudi baadhi ya sala hazisomwi mpaka watimie watu wazima kumi. Hebu tulifikiri jambo hilo. Penye watu elfu, mmoja akikosa hapana ajuaye. Penye kumi, mmoja akikosa sala imekatika. Hapo kila mtu ana uzito wake, na mzee aliyechoka hujikongoja kupanda kilima kwa sababu anajua wenzake tisa wanamngoja.

Walijaribiwa vikali. Idi Amin alipotawala, kuanzia mwaka 1971, aliipiga marufuku dini yao, na masinagogi yakabomolewa. Wengi walibadili dini kwa hofu. Yasemekana waliobaki imara walikuwa kama 300, nao walisali kwa siri. Kisha ikaja tarehe 11 Aprili 1979. Siku hiyo majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda yaliuteka mji wa Kampala, na jioni ya siku hiyo hiyo ndipo sikukuu ya Pasaka ya Kiyahudi ilipoingia, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani. Baba na babu zetu waliokwenda vitani hawakujua kwamba kule Mbale wako watu walioiona siku ile kwa namna hiyo. Nasi tuna haki ya kuifurahia habari hii.

Tangu hapo wamejijenga upya. Mwaka 2002 marabi kutoka ng'ambo walikuja wakawapokea mia kadhaa katika dini ya Kiyahudi kwa taratibu zake zote. Kijana wao Gershom Sizomu alikwenda Marekani kusoma, akawa rabi mwaka 2008, akarudi nyumbani kuwatumikia watu wake. Mwaka 2016 sinagogi jipya kubwa lilifunguliwa Nabugoye. Wala sisemi kwamba wao ni malaika. Hata katika uchache wao wamegawanyika, kwa kuwa wale wa kijiji cha Putti hufuata mkondo mkali zaidi wa dini yao.

Lakini lililonigusa zaidi ni mwenendo wao na majirani. Walipoanzisha shule yao ya msingi na ya sekondari, hawakuweka mlangoni bawabu wa kuuliza dini. Watoto wa Kikristo na wa Kiislamu husoma humo pamoja na wao. Mzee wao mmoja, J. J. Keki, alikuwako New York tarehe 11 Septemba 2001, akayaona kwa macho yake maafa ya siku ile. Aliporudi alipita nyumba kwa nyumba kwa majirani zake, na mwaka 2004 wakaunda chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, Wayahudi, Waislamu na Wakristo pamoja. Wakakiita Mirembe Kawomera, yaani Amani Tamu. Tena mwaka ule wa 2016 wapiga kura wa jimbo lake, ambao wengi si Wayahudi, walimchagua rabi Sizomu awe Mbunge wao.

Sasa nirudi kwetu. Najua watakaonijibu. Watasema kwamba leo tukiwasikiliza watatu, kesho watakuja wengine sita, na ratiba itakuwa kama chandarua kilichotoboka. Tena watasema kwamba sheria haitubani. Ni kweli kwamba wanafunzi Wasabato wa Chuo Kikuu cha Makerere walipeleka mahakamani shauri la masomo na mitihani ya Jumamosi, wakashindwa mwaka 2003, na tena mwaka 2006 katika Mahakama ya Juu ya nchi ile. Lakini sheria hutuambia lile tusiloadhibiwa kwalo. Haituambii lipi ni la ujirani mwema. Mtu aweza kula chakula chake chote mbele ya mgeni mwenye njaa na asipelekwe polisi.

Mitihani ya Taifa haimo mikononi mwetu, wala siizungumzii. Nazungumza juu ya majaribio yetu wenyewe, yaliyowekwa Jumamosi kwa mazoea tu. Alhamisi baada ya saa tisa madarasa ni matupu, isipokuwa kwa wachezaji wa mpira. Tukiyahamishia huko, nani atapungukiwa? Kwa upande wao, wale watatu nao wawe tayari kushika zamu za Jumapili za usafi na kuchota maji, ili mwingine apate kwenda kanisani kwa raha. Abayudaya hawawaamuru majirani waache kulima Jumamosi. Huishika siku yao wenyewe, na siku nyingine hushika jembe pamoja na wote. Huo ndio mpango ninaouomba hapa.

Kwa hiyo nasema wazi kwamba katika majadiliano yale nilishinda, lakini nilikosa. Nilihesabu vichwa, nikasahau kwamba kila kichwa kina mtu. Namwomba Mwalimu Mkuu na walimu wa taaluma walitazame jambo hili kabla ya ratiba ya muhula ujao kubandikwa. Nanyi wanafunzi wenzangu, msiniambie kwamba hayatuhusu sisi tulio wengi. Tutakapomaliza hapa tutatawanyika, mmoja kazini Songea, mwingine chuoni ng'ambo, na huko huenda tukawa watatu kati ya mia tano. Leo kwao, kesho kwetu.

Safari ijayo zamu ya viti ikimfikia yule ndugu yangu, nitavipanga pamoja naye.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne